Picha ghafi au JPEG: Mpigapicha achague ipi?

IWAPO umewahi kuhudhuria harusi ya Jumamosi katika uwanja wa kanisa au wa shule hapa nchini, bila shaka umeyaona mahema. Baadhi ni meupe, lakini mengi hutandazwa vitambaa vya kijani, buluu, nyekundu au zambarau ili yaoane na mavazi ya maharusi. Kwa wageni waalikwa, hayo ni mapambo ya kupendeza. Kwa mpigapicha ni balaa. Jua la saa saba linapopenya kitambaa hicho, nuru inayowafikia walioketi chini yake huwa imekwisha kubadilika rangi. Nyuso hugeuka kijani, na gauni jeupe la bibi harusi likaiga rangi ya paa.

Macho ya binadamu huivumilia kasoro hiyo kwa kuwa ubongo huisawazisha papo hapo. Kamera haina ubongo wa namna hiyo. Hukisia tu, na mara nyingi hukosea. Aghalabu mpigapicha huligundua kosa usiku akiwa ameketi mbele ya tarakilishi, wakati maharusi wamekwisha kuondoka kwenda fungate na hema limekunjwa. Iwapo kosa hilo litarekebishika au la hutegemea uamuzi mdogo alioufanya asubuhi katika menyu ya kamera: kuhifadhi picha kwa mtindo wa JPEG au kwa mtindo wa RAW, neno la Kiingereza ambalo katika makala haya tutalifasiri kama picha ghafi.

Mjadala kuhusu mitindo hii miwili si mpya. Ulipamba moto baada ya mwaka wa 2003, kampuni ya Canon ilipotoa kamera yake ya EOS 300D yenye pikseli milioni 6.3, ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake, yaani ya kubadilisha lenzi, kuuzwa kwa chini ya dola 1,000 za Marekani. Kuanzia hapo, watu wasio na studio wala mwajiri walijikuta wakimiliki chombo chenye uwezo wa kuhifadhi picha ghafi, bila kufahamu vyema uwezo huo ni wa nini. Wengi hawafahamu hadi leo.

Yanayotendeka ndani ya kamera

Ili kuelewa tofauti, yafaa tuanze na kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Kihisi kina mamilioni ya visima vidogo mno, na kila kisima hupima jambo moja pekee: kiasi cha mwanga kilichokifikia. Hakijui rangi. Ndiposa juu ya visima hivyo huwekwa vichujio vyekundu, vya kijani na vya buluu. Mpangilio wa vichujio unaotumiwa na kamera nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer, mtafiti wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka wa 1976. Katika mpangilio huo nusu ya vichujio ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo iliyosalia ni vya buluu, kwa sababu jicho la mwanadamu hutegemea zaidi sehemu ya kijani ya mwanga katika kutambua maelezo madogo ya kitu.

Picha ghafi ni orodha ya vipimo hivyo kama vilivyotoka kwenye kihisi, au karibu na hivyo. Kwa hakika bado si picha. Ni unga, haujawa sima. Ili ionekane, sharti programu ikisie rangi mbili zinazokosekana katika kila kisima, iamue kitu gani kihesabiwe kuwa cheupe, iongeze au ipunguze ung'avu, inoe kingo za vitu na kufuta chenga zinazotokea palipo na giza.

Mpigapicha anapochagua JPEG, kamera hufanya kazi hiyo yote yenyewe katika muda mfupi mno. Hupika sima, huipakua, kisha hutupa unga uliosalia. Kinachohifadhiwa kwenye kadi ni matokeo pekee, tena yakiwa yamebanwa ili yachukue nafasi ndogo.

Jinsi ubanaji huo unavyofanyika ni jambo la kustaajabisha. Kiwango cha JPEG kilitangazwa mwaka wa 1992, na jina lake ni kifupisho cha jina la kamati ya wataalamu iliyokiandaa. Picha hugawanywa katika vigae vya pikseli nane kwa nane, na kila kigae hugeuzwa kuwa mchanganyiko wa mawimbi ya mwanga, mapana na membamba, kwa kanuni ya hisabati ambayo mhandisi Nasir Ahmed, mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, aliichapisha na wenzake mwaka wa 1974. Mawimbi membamba, ambayo jicho halina wepesi wa kuyatambua, hupunguzwa au hutupwa kabisa. Rangi nazo hupunjwa kuliko ung'avu. Ndiyo sababu picha iliyobanwa kupita kiasi huonyesha viraka vya mraba, hasa angani na kwenye mashavu.

Hesabu ya vidato

Tofauti kubwa zaidi, na ambayo haionekani kwa macho hadi siku ya shida, ni idadi ya vidato kati ya weusi na weupe. JPEG hutumia biti nane kwa kila rangi ya msingi, yaani vidato 256. Picha ghafi ya biti 12 ina vidato 4,096, na ile ya biti 14 ina 16,384.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa vidato 256 katika rangi tatu huzaa rangi zaidi ya milioni 16, mwingine anataka nini? Kwa picha iliyopigwa sawasawa, hataki chochote. Picha hiyo ikichapishwa gazetini au kutundikwa ukutani, hakuna atakayeweza kusema ilitoka katika mtindo upi. Vidato vya ziada ni akiba, na akiba huhitajika pale tu mambo yanapokwenda mrama.

Na hapa kwetu huenda mrama kwa njia inayojulikana. Kipimamwanga cha kamera hudhani kwamba ulimwengu, kwa wastani, una rangi ya kijivu. Gauni jeupe likijaza picha, kamera hudhani mwanga ni mwingi mno na kuupunguza. Gauni huwa kijivu na uso wa bibi harusi, iwapo ni mweusi, huzama gizani. Bwana harusi naye akisimama peke yake na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera huongeza mwanga mpaka paji lake la uso likang'aa kama kioo. Wakisimama pamoja chini ya hema huku nyuma yao kukiwa na uwanja unaowaka jua, hakuna kipimo kimoja kitakachowatosheleza wote wawili pamoja na uwanja.

Mpigapicha mwenye busara katika hali hiyo hulinda gauni kwanza, kisha huzinyanyua nyuso baadaye kwenye tarakilishi. Kwa picha ghafi kazi hiyo huwezekana. Kihisi hurekodi mwanga kwa uwiano wa moja kwa moja, hivi kwamba kila mwanga unapopungua kwa nusu, vidato vinavyobakia navyo hupungua kwa nusu. Katika faili ya biti 14, daraja la juu kabisa la ung'avu hujitwalia vidato 8,192. La pili 4,096. La tatu 2,048. La nne 1,024. Na la tano, ambamo huenda ndimo ulimo uso uliozama kivulini, bado lina 512. Katika JPEG, picha nzima kuanzia gauni hadi viatu imegawana vidato 256. Ukijaribu kuunyanyua uso huo katika JPEG, ngozi hupasuka kuwa mabaka ya rangi na chenga, na mtu aliyekuwa na ngozi nyororo huonekana kana kwamba amepakwa majivu.

Kuhusu ile rangi ya hema, tofauti ni dhahiri vilevile. Katika picha ghafi, kipimo cha weupe ni maandishi tu yaliyoambatanishwa na faili. Programu inaweza kuyapuuza na kutumia kipimo kingine bila kupoteza kitu. Katika JPEG kipimo hicho kimekwisha kuchanganywa na picha yenyewe, kama chumvi ndani ya mchuzi. Unaweza kuongeza maji, lakini huwezi kuitoa chumvi.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nililijua hili kwa kuchelewa. Katika harusi moja ya jamaa nilipiga picha zote kwa JPEG chini ya hema la zambarau, nikiwa na hakika kwamba "programu itatengeneza." Programu ilitengeneza gauni, ikaharibu nyuso. Ilipotengeneza nyuso, majani ya migomba yaliyopamba lango yalikuwa yamegeuka kahawia. Hadi sasa picha hizo zimo katika albamu ya familia hiyo zikiwa nyeusi na nyeupe, na wenyeji hudhani nilifanya hivyo kwa ustadi.

Kisichookolewa

Hata hivyo, kuna imani potovu kwamba picha ghafi huponya kila ugonjwa. Haiponyi. Picha iliyotikisika itabakia imetikisika. Lenzi iliyolenga pazia badala ya macho haitarudishwa nyuma. Aliyefumba macho amefumba. Zaidi ya hayo, mwanga ukizidi uwezo wa kisima, kisima hufurika na maelezo yote ya sehemu hiyo hupotea. Maji yakimwagika hayazoleki. Kamba za nakshi kwenye gauni zikiungua kabisa, hakuna programu itakayozifufua, iwe faili ni ghafi au si ghafi. Kilichopo ni nafuu ndogo tu: picha ghafi huhifadhi sehemu angavu ambazo kamera ingezikata wakati wa kuunda JPEG.

Hapa pana mtego ambao huwanasa hata wazoefu. Picha inayoonekana kwenye kioo cha nyuma ya kamera si ile ghafi. Ni JPEG ndogo ambayo kamera huiunda na kuipachika ndani ya faili ghafi ili upate kuona kitu. Mchoro wa kupima mwanga pamoja na onyo linalomweta palipoungua hutokana na JPEG hiyo. Kwa hivyo, kamera inaweza kukuonya kwamba gauni limeungua ilhali katika faili ghafi bado liko salama. Njia bora ya kujua kiasi cha akiba hiyo katika kamera yako ni kujaribu nyumbani, wala si mbele ya madhabahu.

Gharama ya akiba

Akiba hii hailetwi bure. Kamera ya pikseli milioni 24 huunda JPEG ya ubora wa juu yenye takriban megabaiti 10, huku faili ghafi ya kamera hiyo hiyo ikiwa kati ya megabaiti 25 na 30. Tuseme mpigapicha amepiga picha 1,500 katika harusi, idadi ambayo si kubwa kwa siku nzima. Kwa JPEG atahitaji gigabaiti 15. Kwa picha ghafi atahitaji zaidi ya 40, na kwa kuwa asiyeweka nakala mbili anacheza pata potea na kumbukumbu za watu, hesabu hiyo yafaa izidishwe mara mbili. Harusi 30 kwa mwaka zitamlazimu kununua diski za kuhifadhia mara kwa mara. Juu ya hayo kuna tarakilishi yenye nguvu, na kuna saa za kuketi mbele yake. Mteja wa kijijini anayelipa pesa kidogo kwa picha 40 zilizochapishwa hamlipi mpigapicha kwa usiku tatu za kukesha.

Kwa mintarafu ya wale wanaopiga picha za mahafali na kuzichapisha papo hapo kabla ya familia kupanda matatu, au wa studio za mtaani wanaopiga picha za pasipoti mbele ya pazia moja na taa zile zile kila siku, sioni sababu ya kuhangaika na picha ghafi. Mwanga haubadiliki, na kipimo cha weupe kikiwekwa mara moja kimewekwa. Kwao JPEG ndiyo busara, na anayewacheka kwa kutokuwa "mahiri" hajui biashara.

Kasi nayo ni hoja. Kamera huwa na hifadhi ndogo ya muda inayopokea picha kabla hazijaandikwa kwenye kadi. Mpigapicha wa wanyamapori katika Maasai Mara anapofuata duma anayemkimbiza swala, anaweza kubonyeza kitufe na kupata picha kadhaa kwa sekunde. Zikiwa ghafi, katika kamera za bei nafuu hifadhi hiyo hujaa upesi na kamera husita wakati duma anaruka. Zikiwa JPEG, kamera huendelea kwa muda mrefu zaidi. Kamera ghali za siku hizi zimepunguza tatizo hili pakubwa, ila wengi wetu hatuna hizo.

Ukweli wa picha

Katika uanahabari suala hili limechukua sura nyingine kabisa. Mnamo Novemba 2015, shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapigapicha wake wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka kwa faili ghafi, bali zile ambazo kamera yenyewe ilizihifadhi kwa JPEG. Sababu zilikuwa mbili: kasi ya kufikisha picha kwa wateja, na hofu kwamba anayetengeneza picha ghafi ana nafasi kubwa mno ya kuipotosha.

Agizo hilo liliwashangaza wengi, kwani mashindano makubwa ya picha yalikuwa yakielekea upande wa pili. Mwaka wa 2009, waamuzi wa shindano la picha bora nchini Denmark walimtaka mshiriki mmoja awape faili ghafi za picha alizopiga Haiti. Walipozilinganisha na alizowasilisha, waliona rangi zimekolezwa kupita kiasi na wakamwondoa. Shindano la World Press Photo nalo hudai faili asilia kutoka kwa wanaofika hatua za mwisho. Mwaka wa 2015, asilimia 20 ya picha zilizofika duru ya kabla ya mwisho zilitupwa nje baada ya ukaguzi wa aina hiyo.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zina haki, ila zinajibu maswali tofauti. Reuters iliuliza jinsi ya kumzuia mtu asishawishike kudanganya. Mashindano yanauliza jinsi ya kumnasa aliyekwisha kudanganya. JPEG inaweza kufunguliwa, kubadilishwa na kuhifadhiwa tena kwa jina lile lile na mtu yeyote. Kuibadilisha faili ghafi ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa programu za kawaida huigusa kwa kuandika maagizo kando yake pasipo kubadilisha vipimo vyenyewe. Ndiposa huchukuliwa kama negativi ya zama hizi.

Lakini hata negativi haisemi kila kitu. Mwezi Aprili 2018, Jumba la Makumbusho ya Historia ya Viumbe la London lilibatilisha ushindi wa picha ya mla-mchwa aliyeonekana akinyemelea kichuguu usiku nchini Brazil. Uchunguzi uliamua kwamba mnyama huyo alikuwa amekaushwa na kujazwa, wa kuwekwa kwenye maonyesho. Mpigapicha, ambaye alikanusha madai hayo, alikuwa ametoa faili ghafi za kabla na baada ya tukio, ingawa hakuna hata moja kati ya hizo iliyomwonyesha mnyama. Faili ghafi huthibitisha kile ambacho kihisi kilipokea. Haina habari ya nani aliyekiweka kitu mbele ya lenzi.

Mambo ya matumizi

Kila kampuni ina lugha yake ya picha ghafi. Faili za Canon huishia kwa CR2 au CR3, za Nikon kwa NEF, za Sony kwa ARW. Matokeo yake ni kwamba mtu hununua kamera mpya, akarudi nyumbani kwa furaha, na kukuta programu yake ya zamani haizitambui faili. Kampuni ya Adobe ilijaribu kutatua utata huu mwaka wa 2004 kwa kutoa mtindo wa wazi uitwao DNG, lakini si kampuni zote zilizoukubali. Kabla ya kununua kamera, ni vyema kuhakikisha programu unayoitegemea inaifahamu. Asiye na uwezo wa kulipia programu anaweza kutumia darktable au RawTherapee, ambazo hutolewa bila malipo na zina uwezo mkubwa.

Simu nazo hazikuachwa nyuma. Mfumo wa Android uliruhusu picha ghafi kuanzia toleo la 5.0 la mwaka wa 2014, na simu za iPhone zikafuata mwaka wa 2016. Hata hivyo, kihisi cha simu ni kidogo, na uzuri mwingi wa picha zake hutokana na programu inayounganisha picha kadhaa kuwa moja. Picha ghafi ya kawaida ya simu ikikosa msaada huo huweza kuonekana duni kuliko JPEG ya simu hiyo hiyo, na wengi huvunjika moyo wanapoiona mara ya kwanza.

Pia niwatoe hofu wanaodhani kwamba JPEG huharibika kila inapofunguliwa au kunakiliwa. La hasha. Huharibika inapobadilishwa na kuhifadhiwa upya, kwani hapo hubanwa tena, na pia inapotumwa kama picha kwa WhatsApp, ambayo huipunguza kabla ya kuituma. Hifadhi faili asilia kando, kisha fanya marekebisho kwenye nakala.

Kwa asiyeweza kuamua, kamera nyingi zina njia ya kati: kuhifadhi RAW na JPEG kwa pamoja. JPEG hutumwa kwa familia jioni ile ile, na faili ghafi hufunguliwa pale tu palipo na tatizo. Kadi hujaa haraka zaidi, lakini kwa anayejifunza hii ndiyo shule bora. Mketishe jamaa yako chini ya hema au mwavuli wa rangi, upige picha moja kwa mitindo yote miwili huku ukipunguza mwanga makusudi kwa madaraja mawili, halafu ujaribu kuziokoa zote mbili. Nusu saa itatosha.

Limesalia jambo moja ambalo huzua ugomvi kila baada ya harusi: mteja kudai apewe "picha zote", zikiwemo zile ghafi. Mara nyingi hatakuwa na programu ya kuzifungua, na akizifungua ataziona zimefifia na kukosa ladha, kisha atawaonyesha wenzake na kusema ndivyo fulani anavyopiga. Wapo wapigapicha wanaokataa katakata, na wapo wanaoziuza kwa bei ya ziada. Ikumbukwe kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 iliweka kanuni kuwa kazi iliyoagizwa na kulipiwa huhesabiwa kuwa haki ya aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vinginevyo. Makubaliano hayo, pamoja na idadi ya picha zitakazotolewa, ziwe za mtindo gani na faili ghafi zitahifadhiwa kwa muda gani, yaandikwe na kutiwa sahihi siku ya kulipa arubuni.